Mtoto wa Nani Huyu?

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mkazi wa Dar es Salaam na unafanya kazi pamoja na mtu wa Tarime, bila shaka umekwisha kumtania siku moja kwamba ameficha panga chini ya meza. Mimi nimetaniwa hivyo tangu nilipoanza kazi ya uandishi wa habari mjini hapa, nami nimezoea kucheka. Lakini huenda hujui kwamba huko kwetu nawe pia unachekwa. Kijana akiaga kuwa anasafiri kwenda Dar es Salaam, wazee humwusia ashone fedha zake katika upindo wa nguo, asipokee kitu kwa mtu asiyemjua, wala asithubutu kuuliza njia usiku. Kila upande unamwogopa mwenzake, na kila upande unaamini kwamba kwake ndiko kwenye salama.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya swali aliloniuliza mama yangu mwaka 2016, swali ambalo hata leo sijaweza kulijibu vizuri.

Mwezi Machi mwaka ule mama alikuja mjini kutibiwa macho. Nilikuwa nimepanga chumba na sebule Manzese. Siku zile jiji zima lilikuwa likimngoja meya. Uchaguzi ulikuwa umeahirishwa zaidi ya mara moja, na katika daladala, kwenye vijiwe vya kahawa na hata misibani hapakuwa na mazungumzo mengine. Wengi walinena kwa uhakika kabisa kwamba akipatikana huyu, vibaka watakwisha. Wengine wakasema akipatikana yule, taa za barabarani zitawaka na mabinti wetu watarudi kazini usiku bila hofu. Hatimaye tarehe 22 Machi madiwani walikutana katika ukumbi wa Karimjee, na Isaya Mwita Charles wa Chadema akachaguliwa.

Jioni ile nilichelewa kurudi. Nilimkuta mama ameketi gizani, nyuma ya mlango wenye komeo mbili na kufuli moja.

"Mama, meya amepatikana," nikamwambia.

"Ni vizuri, baba," akajibu. "Basi huyo ndiye atakayekuja ukipiga yowe usiku?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba meya hana polisi. Polisi wako chini ya Inspekta Jenerali na Wizara ya Mambo ya Ndani. Askari wa jiji alionao meya tunawaona wakishughulika na wachuuzi na magari yaliyoegeshwa vibaya. Mama akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa atakayekuja ni nani?"

Nikanyamaza, nikamwandalia chakula.

Ndugu msomaji, maelezo niliyompa mama yalikuwa sahihi. Katika mji wa New York, kwa mfano, meya ndiye anayemteua mkuu wa polisi, kwa hiyo mwananchi wa huko akimpigia meya kura anapiga pia kura juu ya ulinzi wa mtaa wake. Kwetu sivyo. Hapa meya huchaguliwa na madiwani wenzake, wala si wananchi moja kwa moja. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 1982 ya mamlaka za miji inazitaka halmashauri zisaidie kudumisha amani na utulivu. Lakini msaada huo huonekana katika mambo kama usafi, masoko na mipango ya mji. Tena mambo hayo si madogo hata kidogo, maana uchochoro wenye taa na uchochoro usio na taa ni nchi mbili tofauti.

Hata hivyo, tukitazama nyuma tutaona kwamba mameya wamekuja na kuondoka. Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam, kabla ya Uhuru, alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule bingwa wa mashairi. Mwaka 1972 ulipoletwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za miji ziliingia katika kuvunjwa, hata zikarudishwa mwaka 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa tena, na kwa miaka kadhaa jiji likaendeshwa na tume. Huyo aliyechaguliwa Machi 2016 aliondolewa kwa kura za kutokuwa na imani naye mwezi Januari 2020, na Februari 2021 halmashauri yenyewe ya jiji ikavunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Katika nyakati hizo zote, za kuwa na meya na za kutokuwa naye, mafundi wa kuchomelea nondo za madirisha hawakukosa kazi.

Kwa nini basi mama yangu, aliyetoka katika sehemu yenye sifa ya mapanga, alikuwa hapati usingizi Manzese?

Nikueleze kidogo habari za kwetu. Baba yangu ni mtu wa Tarime. Mama alizaliwa upande wa Serengeti, kusini ya Mto Mara, mto uleule ambao watalii hutoka mbali kuja kuwatazama nyumbu wakiuvuka. Mama naye aliuvuka, alipoolewa. Wizi wa ng'ombe katika sehemu zile si hadithi. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye benki, ndiye heshima ya mji. Na mpaka wa Kenya uko karibu, mwizi akivuka kwa usiku mmoja anakuwa nchi nyingine. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki nazo zikaingia katika wizi huo. Koo zimepigana, watu wamekufa, na Serikali imeiwekea Tarime na Rorya kanda maalumu ya polisi. Basi siwezi kukwambia kwamba hofu yako juu ya Tarime haina msingi wowote.

Lakini mama alilala usingizi katika hatari ile, kwa sababu alijua yowe likipigwa nani atatoka: mlango wa kwanza fulani, wa pili fulani, wa tatu fulani. Asiyetoka angeulizwa kesho yake mbele ya iritongo, yaani baraza la watu wote, na kutozwa faini. Katika baraza hilo pia walichaguliwa viongozi wa sungusungu, hadharani, na watu waliowajua tangu utotoni. Sungusungu wenyewe, kama ujuavyo, walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sheria ikawatambua mwaka 1989. Na mwaka uliofuata Augustino Lyatonga Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akawahimiza hata mijini. Wapo wakazi wa Dar es Salaam wanaokumbuka zamu zile za usiku, na wanaokumbuka pia jinsi zilivyopungua kidogo kidogo, mpaka kila mtu akabaki na kufuli lake.

Sasa, usidhani nakuja kukuuzia sungusungu kama dawa ya kila ugonjwa. La hasha. Mjomba wangu, ndugu wa mama wa tumbo moja, alivuka mto siku moja kuwatafuta maksai wake wawili waliopotea. Jioni akakutana na vijana wa ulinzi wa kijiji chetu. Sura yake hawakuijua, na matamshi yake yalikuwa ya ng'ambo. Hawakungoja baraza. Walimpiga mpaka giza lilipoingia, kwa kudhani ni mpelelezi wa wezi. Asubuhi watu walipokusanyika, bibi kizee mmoja akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Mtoto wa nani huyu?" Ndipo mama akaitwa. Wakamwomba radhi mjomba, tena kwa unyenyekevu. Lakini mkono wake wa kuume haukunyooka tena hadi leo.

Haya nilikuwa nikiyajua tangu utoto, lakini nilikuwa sijapata kuyafikiri.

Siku ya tatu baada ya uchaguzi ule wa Karimjee, yapata saa saba usiku, nikasikia kelele: "Mwizi! Mwizi!" Nikaruka kitandani. Nyuma ya kabati nilikuwa na rungu la marehemu babu, ambalo nimelihifadhi kwa ukumbusho. Nikalichukua na kutoka nalo. Tazama jinsi mtu anavyofanana na utani anaotaniwa.

Chini ya nguzo yenye taa iliyokufa palikuwa na watu kama thelathini. Katikati yao alilala kijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane, shati limechanika, damu inamtoka sikioni. Mtu mmoja alikuwa amekuja na tairi kuukuu. Mwingine alikuwa akiuliza ni nani mwenye petroli. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Usiku ule tulikuwa wengi, na neno lilikuwa karibu kuharibika kabisa.

Nataka nikuambie ukweli, ndugu msomaji. Mimi sikumpiga. Lakini pia sikusema kitu. Nina stashahada ya uandishi wa habari. Nilifundishwa kwamba habari ina nani, nini, wapi na lini. Nilisimama pale na rungu mkononi, na katika maswali hayo yote sikuuliza hata moja.

Aliyeuliza ni mama. Sikujua kwamba amenifuata. Alipita katikati ya watu kwa kupapasa, kanga mabegani, jicho moja limefungwa bandeji, akafika mbele na kusema kwa sauti ya mtu aliyezoea mabaraza: "Ameibiwa nani?"

Watu wakatazamana.

"Ameiba nini?"

Mmoja akasema amesikia ni simu. Mwingine akasema ni sufuria. Aliyesema sufuria akaulizwa ni ya nani, akasema hajui, yeye amewakuta wengine.

"Mtoto wa nani huyu?"

Kimya kikawa kirefu. Kisha mzee mmoja mwenye kurunzi akainama, akamwangaza kijana usoni, akasema polepole: "Huyu si mtoto wa yule mama wa vitumbua, wa uchochoro wa nyuma?" Naam, alikuwa ndiye. Alikuwa akirudi kutoka sokoni Mabibo, ambako hupakua ndizi usiku. Mbwa alimkurupusha, akakimbia. Na mtu akimbiaye gizani, mjini kwetu, amekwisha kuhukumiwa.

Mwenye tairi aliondoka nalo kimya kimya. Mwenyekiti wa mtaa akaitwa, kijana akapelekwa kituoni kuchukua hati ya matibabu, kisha hospitali. Alipona, ila sikio moja halisikii vizuri. Tulirudi ndani, mama akafunga komeo, hakunilaumu hata kwa neno. Aliniambia tu: "Baba, hilo rungu lirudishe nyumbani. Huku hujui kulitumia."

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya jambo hili la usalama na uchaguzi. Naona kwamba hofu na hatari ni vitu viwili, wala havitembei pamoja siku zote. Hofu hukua mahali ambapo watu hawajuani, na mtu mwenye hofu huwa yeye mwenyewe ni hatari kwa mwenzake. Meya mwema atatupa mitaa iliyopangwa na kufagiwa. Tumdai kwa nguvu zote, kupitia kwa diwani tuliyempigia kura. Polisi watatupa doria na sheria; hao nao tuwadai. Lakini hakuna meya, wa hapa wala wa New York, awezaye kukutajia jina la mtoto wa mama wa vitumbua wa uchochoro wa nyuma. Hilo ni juu yako na juu yangu.

Tunaye kiongozi ambaye tunamchagua wenyewe, moja kwa moja, naye ni mwenyekiti wa mtaa. Mara ya mwisho tulifanya hivyo tarehe 27 Novemba 2024. Jiulize, ndugu msomaji: je, unalijua jina lake? Mkutano wa mtaa ulipoitishwa mara ya mwisho, ulikwenda? Mimi kabla ya usiku ule nilikuwa sijahudhuria hata mkutano mmoja. Nilikuwa nikikaa Manzese kama abiria akaavyo stendi, nikingoja meya aje aniletee usalama. Siku hizi nahudhuria. Ni mikutano mirefu, yenye ubishi mwingi juu ya mitaro na takataka. Lakini humo nimeyajua majina ya watu, nao wamelijua langu. Na tumekubaliana kwamba yowe likipigwa tutatoka wote, na atakayekamatwa ataulizwa kwanza, kisha atapelekwa polisi akiwa mzima.

Yule kijana hata sasa tunaonana. Ananiamkia kwa adabu, "Shikamoo, kaka," nami naitikia huku macho yangu yakitafuta mahali pengine pa kutazama. Hajui kwamba nilikuwa pale na rungu. Au labda anajua.

Mama alikwisha rudi Tarime. Kila anaponipigia simu, kabla hajaniuliza habari za kazi wala za watoto, huniuliza: "Yule mtoto hajambo?" Nami, ili nisimdanganye mzazi wangu, hunibidi kwanza nitoke nikamwulize mwenyewe.