Besi yangu ilikuwa inasema mengi

Wasomaji wetu wa Bukavu, leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei sokoni. Nawasimulia habari ya mikono yangu mwenyewe.

Ni miaka mingi napiga gitaa ya besi katika kikundi chetu hapa Kadutu. Tunapiga kwenye arusi na sherehe za mtaa, na nilijiona fundi. Lakini kwenye arusi moja kule Bagira, kijana anayesimamia vyombo vya sauti alishusha besi mara tatu, mwisho akaizima kabisa. Nilipiga mpaka usiku, hakuna aliyenisikia, na watu waliendelea kucheza. Iliniuma kuliko tusi.

Kesho yake nilienda kwa yaya mmoja aliyepiga besi zamani. Nikamuuliza: «Yaya, kosa langu ni nini?» Akanijibu: «Mdogo wangu, piga noti moja, halafu nyamaza.» Nikapiga, nikaacha. Mlio haukuisha. Akasema: «Umepiga kamba moja, na zingine tatu zinaitika.»

Hapo nilielewa. Besi yangu ina kamba nne: mi, la, re na sol. Ukipiga moja, zile zisizoshikwa zinaweza kutetemeka zenyewe. Nyumbani husikii sana. Mbele ya bafle kubwa, ngoma ikilia pembeni, zinanguruma na wimbo wote unakuwa matope.

Yaya alinifundisha hivi. Gumba la mkono wa kuume lisikae mahali pamoja. Ukipiga la, gumba lilale juu ya mi. Ukishuka kwenye re, lizime mi na la pamoja. Ukifika sol, kidole cha pete kizime re. Kamba nyembamba za chini ni kazi ya mkono wa kushoto: kidole kinachokandamiza kilale kidogo, kiziguse. Na ukitaka noti ife, usiinue kidole ghafla. Legeza, na uache vidole viwili au vitatu juu ya kamba. Kidole kimoja tu kikiigusa katikati kabisa, kamba inatoa mlio mwembamba kama filimbi.

Miezi mitatu nilifanya hayo kila jioni, hata umeme ukikatika. Niliweka sikio kwenye mbao ya gitaa na kufuata saa ya ukutani, mapigo 60 kwa dakika: pigo moja noti, pigo la pili kimya. Mama watoto aliniuliza kama nimesahau nyimbo zote.

Sikuzisahau. Nilikuwa najifunza kunyamaza. Rumba yetu, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021 katika urithi wa binadamu, ina besi inayoacha nafasi, na mguu wa mchezaji unaingia palepale. Mimi nilikuwa naijaza nafasi hiyo kwa makelele bila kujua.

Jumamosi iliyopita tulipiga Ibanda, na kijana wa vyombo alikuwa yuleyule. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu: hakugusa kitufe changu. Wa nne, akaniongezea sauti.

Vijana mnaojifunza besi, kabla ya kulaumu ampli, pigeni noti moja, kisha msikilize kinachobaki.