Nilichagua Kusogea: Ushuhuda wa Mpiga Picha wa Kashebere

Ninatoa ushuhuda huu kwa vijana wa Masisi na Walikale wanaopenda kamera, hasa wale wanaoweka akiba sasa hivi na kujiuliza wanunue kipi: lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, au kamera ndogo ya mfukoni inayovuta mbali zaidi. Swali hilo lilinikaa moyoni muda mrefu. Jibu nililolipata lilibadilisha kazi yangu, na likabadilisha pia namna ninavyoishi na watu.

Kashebere iko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, pale eneo la Masisi linapoishia na la Walikale linapoanza. Ukitokea Goma kupitia Sake, Mushaki na Masisi mjini, njia nzima unaona milima iliyo wazi, malisho ya ng'ombe na mashamba ya maharage. Ukipita Nyabiondo mambo yanageuka: msitu unaanza kushika, na mito inateremka kuitafuta Lowa. Kwa mpiga picha, hapa pana nchi mbili za mwanga. Kule malishoni jua halina kizuizi. Chini ya miti mikubwa, hata adhuhuri, kamera inatafuta mwanga na kuukosa.

Kazi yangu ilikuwa harusi, ubatizo na picha za vitambulisho. Nilikuwa na Canon EOS 600D niliyoinunua ikiwa imetumika, pamoja na lenzi fupi iliyokuja nayo. Kwa bibi harusi aliyesimama mbele yangu ilinitosha kabisa. Lakini roho yangu ilikuwa kwa ndege: hondohondo, kulukulu, na zaidi ya wote kasuku wa kijivu. Ndege huyu ametegwa kwa ulimbo katika misitu ya Kongo na kuuzwa ng'ambo kwa miaka mingi, hadi mwaka 2016, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliofanyika Johannesburg, mataifa yalipokubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini. Niliona ni wajibu wetu sisi wenyeji kuwa na picha za ndege hao wakiwa hai, juu ya miti yao, zilizopigwa na mtu wa hapa.

Basi nikawa na njia mbili. Ya kwanza ni lenzi ya Canon ya milimita 70 hadi 300, ile yenye kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mikono. Ina uzito wa gramu 630. Ya pili ni PowerShot SX740 HS, kamera ndogo iliyotoka mwaka 2018, yenye gramu 299 tu, na maandishi yanayovutia macho: mara 40.

Hayo maandishi ndiyo yanayowachanganya wengi. Mara 40 ni uwiano kati ya mwanzo na mwisho wa lenzi: inaanza milimita 24 na kufika 960, kwa kipimo kinacholinganishwa na filamu ya zamani ya milimita 35. Kwa hesabu hiyohiyo, lenzi ya 70 hadi 300 ni mara 4 na kidogo. Lakini ikifungwa kwenye kamera kama yangu, milimita 300 zinafanya kazi ya milimita 480. Kwa hiyo kamera ndogo inafika mbali mara 2 tu kuliko lenzi hiyo, si mara 10 kama namba zinavyodanganya jicho.

Kisha kuna mwanga. Kihisi cha EOS 600D, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea picha, kina upana wa milimita 22.3 na kimo cha milimita 14.9. Kihisi cha kamera ndogo kina takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Eneo la kikubwa linazidi la kidogo karibu mara 12. Zaidi ya hapo, ile kamera ndogo ikivutwa hadi mwisho, tundu la lenzi yake linabana hadi f/6.9, wakati lenzi ya 300 inabaki f/5.6. Kule Mushaki, jua likiwa kali, tofauti hiyo unaweza usiione. Msituni kamera ndogo italazimika ama kufungua muda mrefu, na ndege akitikisa kichwa picha inaharibika, ama kukuza mwanga kwa nguvu, na manyoya yanageuka chembechembe.

Hata hivyo, sababu iliyonigeuza kabisa ni nyingine. Tunaishi katika nchi ya vita. Tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kabla ya hapo tulikuwa tumeshazoea bariere na maswali. Hapa mtu anayesimama mlima mmoja akielekeza kioo kwenye mlima wa pili anaonekana mpelelezi. Haijalishi kwamba anatafuta kasuku. Uwezo wa kuona mbali bila kuonekana, ambao mtalii anaulipia kwa furaha, kwetu unaweza kumgharimu mtu uhai. Nilipolitafakari hilo nikaelewa kwamba sihitaji chombo cha kunificha mbali. Nahitaji ruhusa ya kusogea.

Nikanunua lenzi. Kabla ya kuitoa kwenye mfuko nilikwenda kwa mkubwa wa kijiji, nikamwonyesha, nikamwachia aitazame dunia kupitia kwayo. Nikawaona wenye mashamba, mmoja baada ya mwingine, nikawaeleza ninachotafuta. Wao ndio walionifundisha kazi. Mama mmoja mwenye shamba la mihogo kando ya msitu alinionyesha mkuyu ambao ndege huujia matunda yakiiva. Wazee walinipa majina ya ndege kwa Kihunde na kwa Kinyanga, wakanieleza ni saa ngapi kila mmoja hushuka. Nikajifunza kuketi chini, kunyamaza, na kungoja hadi hondohondo asahau kwamba nipo.

Leo nikipita na kamera begani, naulizwa nimepata ndege gani. Watoto waliokuwa wakiwinda kwa manati hunijia kutazama picha kwenye kioo cha kamera, wanabishana jina, na wengine huniita kunionyesha kiota badala ya kukiangusha. Bado ninapiga harusi, maana watoto lazima wale, na lenzi hiyohiyo hunisaidia kanisani kupata machozi ya mama wa bibi harusi bila kumsumbua. Kwa yote haya ninamshukuru Mungu, na ninawashukuru majirani.

Siidharau kamera ndogo. Kama huna kamera yoyote, kama wewe ni muuguzi au mwalimu unayesafiri kwa pikipiki katika matope na unataka kumbukumbu za milima na ng'ombe mchana kweupe, inunue bila wasiwasi. Haikulazimu kubadilisha lenzi kwenye vumbi, na mfuko wa koti unaitosha. Lakini kama tayari una kamera inayobadilishwa lenzi, na kazi yako ni msituni, kanisani au jioni, weka akiba yako kwenye lenzi. Ikinge na unyevu, kwa sababu kuvu hupenda kuota ndani ya vioo katika hali ya hewa yetu.

Usiulize kwanza chombo kinavuta mara ngapi. Uliza utafanya kazi katika mwanga gani, na watu wa mahali hapo watakuruhusu usimame wapi. Mwanga utakuja na chombo sahihi. Ruhusa utaipata kwa miguu yako, ukibisha hodi mlango kwa mlango, na kijana wa Kashebere anaweza kuanza kuitafuta leo, hata kabla akiba yake haijatimia.