Nilivyokiandika Kitabu cha Litungu

Kilichonifanya nishike kalamu ni msiba. Mzee aliyenifundisha litungu alifariki, na wasifu wake uliposomwa makaburini walitajwa ng'ombe zake, wake zake, watoto, wajukuu na mwaka wake wa kuzaliwa wa kukadiria. Muziki haukutajwa kabisa. Mtu aliyechezesha harusi na sherehe za tohara tangu ujana wake, aliyejulikana katika kata yetu yote ya Nyanungu, Tarime, na ng'ambo ya mpaka wa Kenya, alizikwa kama mfugaji tu. Niliumia sana. Nilirudi nyumbani nikanunua daftari kubwa lenye jalada gumu, nikaanza kuandika usiku, watoto wakishalala.

Nilianza na chombo chenyewe, maana wajukuu wangu wanakifahamu kwa picha za simu tu. Litungu letu Wakuria ni kubwa na lina nyuzi nane. Mwili wake ni mti uliochongwa na kutobolewa ndani, kisha ukawambwa ngozi ya ng'ombe. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Mzee alizikausha, akazisokota juu ya paja lake huku akizilowesha mate, na hakukubali mtu amharakishe. Mpigaji huketi, na sauti inatoka nzito, inavuma chini chini hadi unaisikia kifuani. Wachezaji nao huvaa viatu vya mbao nene, na kishindo chao ndicho ngoma yetu. Siku ya kwanza nilikuwa nikikodolea macho vidole vyangu. Mzee akaniambia, "Mura," yaani kijana, "acha kulitazama. Lisikilize." Nikamjibu, "Ee, tata," yaani baba, nikafumba macho. Hadi leo napiga macho yakiwa yamefumbwa.

Sura niliyoiandika kwa uchungu zaidi ni ya mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Magazeti yalizungumzia ndege, reli na mali za Jumuiya. Kwetu mpaka ule ulikuwa umepita katikati ya koo zetu. Shangazi zetu walikuwa wameolewa upande wa Kehancha, Kenya, na binamu zetu walitahiriwa kule. Harusi haingoji marais wapatane. Tulivuka usiku kwa njia za ng'ombe, litungu likiwa limeviringishwa blanketi, nyuzi zimelegezwa zisije zikalia tukikwaruza kichaka. Tukifika tulipiga hadi kuchomoza jua, na katika nyimbo tuliwataja kwa majina waliobaki nyumbani, ili wenyeji wajue nani mzima, nani mgonjwa, nani amezaa. Miaka ile wimbo ulikuwa ndiyo barua yetu. Sijaona kitabu cha historia kinacholieleza jambo hilo, na kama lingebaki vichwani mwetu lingekwisha pamoja nasi.

Sherehe za kiserikali sikuzirefusha kitabuni. Lori lilikuja, tukapanda, tukacheza Saba Saba au mapokezi ya Mwenge, tukapewa soda, tukarudi. Aliwahi pia kuja mtu kutoka mjini na kinasa sauti, akatupigisha mchana kutwa, akaahidi kuleta kanda. Mzee wangu aliingoja kanda ile mpaka anakufa.

Nilipomweleza jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, kwamba naandika, alinipa moyo kwa kunikumbusha Siti binti Saad. Siti alitoka Fumba, Unguja, akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akaimba hadi jina lake likajaa pwani yote. Tunamjua vizuri kwa sababu Shaaban Robert aliketi akaandika wasifu wake. Mpiga litungu wa Tarime hana Shaaban Robert. Itabidi aandike mwenyewe.

Mwalimu alisahihisha daftari lote kwa kalamu nyekundu na hakutaka malipo. Mchapishaji mmoja aliniambia kitabu cha namna hiyo hakina soko. Basi nikauza fahali. Kijana wa steshenari mjini Tarime akapiga chapa, nami nikiwa nimeketi pembeni yake, maana majina ya Kikuria kompyuta ilikuwa ikiyageuza kila mara na mimi sikukubali jina la marehemu lipotee herufi hata moja. Namba ya ISBN tuliipata kwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Uchapaji ulifanyika Mwanza. Nilirudi na maboksi ndani ya basi, moja nimelipakata.

Kurasa za mwisho niliagiza ziachwe tupu, zenye mistari tu. Mchapaji alidhani nimekosea hesabu. Nilitaka anayekijua kisa nisichokijua akiongeze kwa mkono wake.

Siku ya mnada Kegonga nilitandika turubai, nikapanga vitabu, nikaketi na litungu. Watu walivutwa na muziki, kisha wakauliza bei. Mama mmoja asiyejua kusoma alimwita mwanafunzi amsomee. Mtoto alipofika kwenye jina la mchezaji mmoja wa viatu vya mbao, yule mama akamshika mkono: "Rudia hapo, mwanangu. Huyo ni baba yangu." Alirudia, akarudia tena. Mama akafungua pindo la kanga, akalipa, akanitajia wachezaji wengine wawili wa kundi la baba yake ambao sikuwajua. Tuliyaandika majina yao palepale, kwenye kurasa zile tupu.

Vijana wa Nyanungu, Gorong'a na Kwihancha, mna simu zinazorekodi sauti, kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Wapigaji waliobaki ni wachache na ni wazee. Nendeni kwao msimu wa mavuno, kaeni nao, rekodini, halafu andikeni kila jina: nani alipiga, nani alicheza, harusi ilikuwa ya nani, na katika boma gani.