Anwani ya Blogu: Kutoka Blogspot Hadi Jina la Mwenyewe

Blogu ya Kiswahili ilianza kusikika mwaka 2004, Ndesanjo Macha, mwandishi wa safu za magazeti ya Tanzania aliyekuwa akiishi Marekani, alipoanzisha Jikomboe. Septemba mwaka uliofuata mpigapicha wa magazeti Muhidin Issa Michuzi, akiwa safarini Helsinki, alifungua ya kwake kwa msaada wa Macha huyo huyo. Zilikuwa blogu mbili zenye tabia tofauti: ya kwanza ya hoja na ubishi, ya pili ya picha, harusi, misiba, vikao na salamu za Watanzania wa ughaibuni. Baada ya hapo wakaja wengi. Maggid Mjengwa aliandika na kupiga picha za vijijini. Profesa Joseph Mbele, kutoka chuo alichokuwa akifundisha Minnesota, akaanzisha Hapa Kwetu. Chambi Chachage akawa na Udadisi. Ukizisoma anwani zao za miaka ile, karibu zote zinaishia pamoja: blogspot.com.

Halikuwa jambo la bahati, wala si kwamba Blogger ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Kampuni ndogo ya Pyra Labs ya San Francisco iliitoa Agosti 1999, Google ikainunua Februari 2003. Wakati huo washindani walikuwepo. LiveJournal ilikuwa na umri ule ule. Movable Type, iliyotoka mwaka 2001, ilipendwa na wanablogu wa Marekani na Ulaya, ingawa ilidai mtu awe na seva yake na ajue kuhangaika na faili zake. Mei 2004 wenye Movable Type walibadili masharti ya leseni na bei, na watumiaji waliokasirika wakahamia kwa wingi kwenye programu changa iliyokuwa imetoka mwaka mmoja tu nyuma, tarehe 27 Mei 2003, kwa mikono ya Matt Mullenweg na Mike Little. Jina lake WordPress. Ilikuwa ya bure, na leseni yake ilimruhusu yeyote kuichukua, kuibadili na kuisambaza.

Ila kwa mwandishi aliyekaa Dar es Salaam au Mwanza, habari hizo zilikuwa za mbali. Programu ya bure bado ilihitaji nafasi kwenye seva, na nafasi hiyo ililipiwa kwa dola, kwa kadi ya benki inayokubalika mtandaoni. Watu wachache sana nchini walikuwa nayo. Mwalimu au mwandishi wa habari angeweza kuwa na fedha mfukoni na bado asiwe na njia ya kuzifikisha kwa muuza nafasi wa Texas. Blogger haikuuliza kadi. Iliuliza barua pepe, jina la blogu na rangi ya templeti, basi. Kwa hiyo jukwaa lilichaguliwa na benki kabla mwandishi hajafungua mdomo.

Kuandika kwenyewe kulikuwa na taratibu zake. Kabla mkonga wa chini ya bahari wa SEACOM haujafika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009, intaneti ya Tanzania ilipitia zaidi kwenye setilaiti, ikiwa ghali na ya kusuasua. Kafe za intaneti zilitoza kwa muda, na saa ya kwenye kona ya skrini ilikuwa ikihesabu huku ukurasa ukijivuta. Mwanablogu mwenye akili aliandika kwanza nyumbani au ofisini baada ya kazi, akabeba makala kwenye disketi, baadaye kwenye flashi, akafika kafe akiwa na kazi ya kubandika tu. Hata kubandika kulikuwa na mtego. Makala iliyonakiliwa moja kwa moja kutoka Word ilikuja na misimbo iliyojificha, herufi zikatoka kubwa hapa na ndogo pale, aya zikashikana. Wajuzi waliipitisha kwanza Notepad, ambayo huchuja kila kitu na kubakiza maneno matupu. Picha zilipunguzwa ukubwa kabla ya kupandishwa, la sivyo nusu saa iliisha picha moja ikiwa bado njiani. Na mwaka 2006, mwaka wa mgawo wa umeme, kukatika kwa umeme katikati ya posti kulikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba ukimya wa blogu kwa siku mbili haukumshtua msomaji.

Kenya mambo yalikwenda kwa kasi nyingine kidogo. Nairobi ilikuwa na watu wengi zaidi waliojua kuendesha seva, na blogu zenye anwani zao zenyewe zilionekana mapema. Kenyan Pundit ya mwanasheria Ory Okolloh, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ndiyo iliyokimbiliwa na wasomaji mwishoni mwa Desemba 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari huku ghasia za baada ya uchaguzi zikisambaa. Mapema Januari 2008 Okolloh aliandika humo wazo la ramani ya kukusanya taarifa za ghasia, na wazo hilo likazaa Ushahidi. Hakuna mfano ulio wazi zaidi katika ukanda huu wa blogu ya mtu mmoja kubeba mzigo ambao vyombo vikubwa vilizuiwa kuubeba.

Kuanzia mwaka 2007 hivi, swali la jukwaa likabaki na majibu mawili: Blogger au WordPress.com, yaani tawi la WordPress linaloendeshwa na kampuni ya Automattic kwa wasiotaka kushughulika na seva. WordPress.com ilikuwa na sura safi na mpangilio mzuri wa mada. Blogger ilikuwa na mambo mawili ambayo wenye blogu za Kiswahili hawakuweza kuyaacha: iliruhusu kuunganisha jina la kununua, mathalani linaloishia .com au .co.tz, bila malipo ya ziada kwa Google, na haikumzuia mtu kuweka matangazo yake. WordPress.com ilidai ada kwa jambo la kwanza na iliweka masharti kwa la pili.

Matangazo hayo yalibadili blogu kuliko templeti yoyote. AdSense, mfumo wa Google wa kulipia matangazo, kwa miaka mingi haukuwa na Kiswahili katika orodha ya lugha zake. Mwandishi wa Kiingereza wa Nairobi aliweza kusubiri hundi. Mwenzake wa Kiswahili ilimbidi amtafute mteja mwenyewe. Ndipo pembeni mwa blogu kukajaa picha za matangazo ya benki, kampuni za simu, mawakala wa mizigo na saluni, zikimetameta juu hadi chini. Mteja wa namna hiyo anataka kuona wageni wengi kila siku, na wageni wengi huletwa na posti nyingi. Posti moja ndefu ya wiki ikapisha posti kumi za siku: mheshimiwa akikata utepe, mheshimiwa akiondoka uwanja wa ndege. Blogu binafsi ikawa gazeti la picha, na msomaji aliyefuata mawazo ya mtu akaanza kupungukiwa. Hili halisemwi sana, lakini ndilo lililoua blogu nyingi za hoja kabla Facebook haijafika mlangoni.

Upande wa malipo, M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Baadaye wauza nafasi za seva wa ndani wakaanza kupokea malipo kwa simu, na kikwazo cha kadi kikaondoka. Hapo ndipo wimbi la kuhama lilipoanza: kutoka blogspot.com kwenda kwenye jina la mwenyewe na WordPress iliyowekwa kwenye seva ya kulipia.

Kuhama ndiko kulikofundisha. Blogger ilimpa mwenyewe faili moja la nakala, lenye posti, kurasa na maoni ya wasomaji. Picha hazikuwemo. Zilikuwa zikihifadhiwa na Google yenyewe, kwa miaka mingi katika Picasa Web Albums yenye nafasi ya bure ya gigabaiti 1, kikomo ambacho blogu ya picha ilikigonga mapema. Baada ya kuhamisha, posti zilionekana kamili kwenye WordPress, lakini kila picha ilikuwa bado inavutwa kutoka Google, na siku mwenyewe akifuta albamu ya zamani, blogu mpya hubaki na viboksi vitupu.

Viungo navyo vilikuwa na hadithi yake. Anwani ya posti ya Blogger ina mwaka, mwezi na kipande cha kichwa cha habari kinachoishia na .html. Kichwa kikiwa kirefu, Blogger hukikata. Vichwa vya habari vya Kiswahili ni virefu kwa asili, hasa vile vya kutaja cheo kamili cha mgeni rasmi, kwa hiyo karibu vyote vilikatwa. WordPress ilipopokea kichwa kile kile iliandika anwani yake upya, ndefu, na viungo vyote vilivyosambaa kwenye barua pepe na blogu za marafiki vikaishia kwenye ukurasa wa kosa. Isitoshe, mwenye blogu hana mamlaka juu ya seva ya blogspot.com, hivyo hawezi kuiamuru impeleke msomaji kwingine. Alichoweza ni kupenyeza msimbo mdogo ndani ya templeti na kuomba ufanye kazi. Aliyekuwa amenunua jina lake mapema, akiwa bado Blogger, hakupata shida kubwa. Viungo vyake vilikuwa tayari vinabeba jina lake, na kilichobaki kilikuwa kuilazimisha WordPress itumie muundo ule ule wa anwani. Kununua jina ndio uamuzi uliokuwa na uzito. Jukwaa lilikuja nyuma yake.

Anwani ya kulipia nayo ina hatari yake. Ada isipolipwa, jina hurudi sokoni. Zipo blogu za Kiswahili ambazo leo ukiandika jina lake unakutana na tovuti ya kubeti, kwa sababu mtu mwingine alilichukua pamoja na viungo vyote vilivyolielekea. Nyingi za zile zilizobaki blogspot.com, bila senti, bado zinafunguka.

Hata hivyo bure si dhamana. GeoCities ilifungwa Oktoba 2009. Windows Live Spaces ya Microsoft ilizimwa mwaka 2011, wenye blogu wakielekezwa WordPress.com. Posterous, iliyosifiwa kwa kumruhusu mtu kuchapisha kwa barua pepe tu, ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012 na kufungwa tarehe 30 Aprili 2013. Miezi miwili baadaye, tarehe 1 Julai, Google iliifunga Google Reader, na msomaji aliyefuata blogu thelathini mahali pamoja akabaki bila kituo. Typepad, ndugu wa Movable Type, ilizima taa tarehe 30 Septemba 2025. Wapo waliotabiri kila mwaka kwamba zamu ya Blogger imefika. Bado haijafika.

Pigo la mwaka 2018 halikutoka kwenye majukwaa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania ziliwataka wenye blogu wajisajili kwa mamlaka ya mawasiliano: ada ya maombi shilingi 100,000, leseni shilingi milioni 1, na ada ya mwaka milioni 1 nyingine. Kwa blogu yenye matangazo ya benki, gharama hiyo iliingia kwenye hesabu za biashara. Kwa mtu aliyeandika usiku kuhusu vitabu au kijiji chake, haikulipika, na baadhi ya waandishi wakanyamaza au wakahamia Facebook, Instagram na makundi ya WhatsApp, ambako tayari bando za bei nafuu zilikuwa zimewapeleka wasomaji. Kanuni hizo zimebadilishwa tangu hapo, mwaka 2020 na tena 2022, na anayeanza Tanzania asome kwanza toleo linalotumika.

Anayechagua leo ana uwanja mpana na maswali yale yale. Substack, iliyoanza mwaka 2017, hutuma makala moja kwa moja kwenye barua pepe za wasomaji na kumwachia mwandishi orodha yao, jambo zuri. Lakini malipo yake hupitia Stripe, ambayo haifungui akaunti kwa mtu aliyeko Tanzania wala Kenya. Medium huleta wasomaji wa Kiingereza, wa Kiswahili wachache. Ghost ni nyepesi na safi, ila inataka seva au ada ya kila mwezi. Hugo na Jekyll hutengeneza kurasa tuli zinazofunguka haraka hata kwa mtandao wa kijijini, kwa mtu asiyeogopa kuandika amri. WordPress ya kwenye seva ndiyo yenye uwezo kuliko zote na ndiyo inayochosha kuliko zote: isiposasishwa huvamiwa. Na kwa anayetaka kuandika tu, mara mbili kwa mwezi, Blogger yenye jina la kununua inatosha kabisa, hata kama imepitwa na mitindo.

Kazi ya haraka ni ya wale waliokwishaandika. Google ilianza Desemba 2023 kufuta akaunti zilizokaa miaka miwili bila kutumika, na blogu ya Blogger yenye msimamizi mmoja haina mlango mwingine zaidi ya akaunti hiyo. Mwenye blogu ya mwaka 2006 aliyesahau neno la siri alitafute sasa, aingie kwenye mipangilio, apakue nakala ya posti zake, kisha ahakikishe kwamba picha nazo zimehifadhiwa.