Guga alikataa tumbaku

Guga, baba yake mama, alikuwa na ekari tatu huko Suna, Migori, na majirani zake karibu wote walilima tumbaku. Kampuni iliwaletea mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, ikanunua majani yaliyokaushwa, ikakata deni lake. Kilichobaki hakikuwa kingi, lakini kilitosha kuezeka nyumba kwa mabati. Guga alilima mahindi, maharagwe na ndizi. Mtu wa kampuni alimtembelea mara mbili. Mara zote mbili alipewa uji, akasikilizwa mpaka mwisho, akaambiwa hapana.

Sababu yake ilikuwa fupi. Yeye ni mtu wa Friends, na Friends wa kwao walifundishwa kutovuta tumbaku wala kunywa pombe. Kitu ambacho siwezi kukiweka mdomoni mwangu, alisema, nitakilimaje nikiweke mdomoni mwa mwingine?

Mimi nimekulia Takawiri, kisiwa kidogo upande wa Mfangano, kwa baba. Huku nikisema babu yangu alikuwa Quaker, watu hudhani nataja kabila la wazungu. Basi huwa naeleza. Kanisa hili lilianzia Uingereza katika karne ya 17 kwa mahubiri ya George Fox, aliyefundisha kwamba ndani ya kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, mna nuru ya Mungu. Ukiamini hivyo huwezi kumwua mtu, ndiyo maana mwaka 1660 walimwandikia Mfalme Charles II kwamba hawatashika silaha kwa sababu yoyote ile. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walifika Kaimosi, wakaanza na kanisa, shamba na kiwanda cha kupasua mbao. Leo hakuna nchi yenye Quaker wengi kuliko Kenya. Na ibada ya kwetu si ya kukaa kimya saa nzima kama ilivyo kwa wengi wa Uingereza. Tunaimba, mhubiri anahubiri, sadaka inapita. Kimya kipo, ila ni cha dakika chache.

Guga alizaliwa Maragoli, ambako ardhi imegawanywa mpaka ikaisha. Kaunti ya Vihiga sasa ina zaidi ya watu 1,000 kwa kilomita moja ya mraba. Wamaragoli wengi walihama, baadhi wakaja Migori, na ekari tatu za Suna kwake zilikuwa utajiri. Kwa hiyo jirani alipong'oa mkonge wa mpakani na kuupanda upya hatua nne ndani ya shamba letu, wajomba walianza kunoa panga.

Guga alienda kwa huyo jirani Jumapili tatu mfululizo, baada ya ibada. Alikaa, akauliza habari za ng'ombe, akanywa chai, akarudi. Jumapili ya tatu jirani mwenyewe ndiye aliyeutaja mkonge. Waliurudisha hatua mbili. Mbili, si nne. Guga akakubali, na wajomba hawajamsamehe mpaka leo. Lakini mwaka 2008, baada ya uchaguzi, Kenya ilipopoteza zaidi ya watu 1,100, Guga alikusanya panga zote za boma akazilaza chini ya kitanda chake, na hakuna mjomba aliyethubutu kuziomba. Mwezi huo wa Januari viongozi wa Friends walikutana Kakamega kutafuta njia ya amani. Guga hakwenda. Alikuwa anazilinda panga.

Ningeweza kuishia hapo, na mngesema kweli huyu alikuwa mtu wa Mungu. Lakini kuna mama.

Mwaka 1987 mama alipita mtihani wa darasa la nane na kuitwa sekondari. Wasichana wawili wa jirani, walioshindwa naye darasani, walienda kwa pesa ya tumbaku. Mama alibaki na ndizi. Miaka michache baadaye alishuka ziwani kuuza omena, akaolewa Takawiri, na kwa hiyo omena ndiyo iliyonisomesha mpaka mwaka wa pili wa chuo kikuu, karo ilipotushinda nikarudi nyumbani kuandikia watu kwa malipo ya kibarua.

Siku moja tukianika omena nilimuuliza kama anamlaumu. Nilitarajia aseme hapana, kama watoto wa wazee wema wanavyosema.

"Namlaumu," alisema. "Si kwa tumbaku. Hata mimi nisingetaka. Watoto wa pale walikuwa wanachuma yale majani mpaka wanatapika. Namlaumu kwa sababu hakuniuliza. Yule mwizi wa mpaka alipewa Jumapili tatu. Mimi sikupewa hata jioni moja."

Sijui kama kuna mhubiri angeweza kulisema vizuri zaidi. Guga aliamini nuru imo ndani ya kila mtu, akaitafuta kwa jirani, akaitafuta kwa mtu wa kampuni, na msichana wa miaka kumi na tano aliyelala nyumba moja naye akapitwa. Amani yake ilikuwa ya kweli, nami naiheshimu. Ila ilikuwa na gharama, na aliyeilipa hakuwa mezani bei ilipopangwa.

Mwaka jana wenye boti wawili hapa bichi walikaribia kuuana kwa ajili ya nyavu zilizopotea usiku wa giza, usiku ambao omena huvuliwa kwa taa. Wazee walikutana. Mama alienda, akakaa kimya muda mrefu mpaka watu wakaanza kutazamana. Halafu akasema, kabla hamjaamua, waulizeni hawa. Akawaonyesha wanawake wanaoanika, waliosimama nje ya mduara na beseni zao. Hao ndio wanaokuwa ufukweni alfajiri boti zinapoingia. Hakuna aliyekuwa amewauliza neno.

Mmoja wao aliweka beseni lake chini, akaanza kusema alichokiona.