Nilipotaka Sebule Iwe Kama Ghala

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na mistari hii, nakuomba uinue uso utazame juu ya kichwa chako. Waona nini? Yumkini waona mbao zilizopangwa kwa mstari na kupakwa rangi nyeupe, au jasi iliyonakshiwa maua pembeni. Au huenda, kama ilivyokuwa kwangu kwa muda wa miezi 14, waona kenchi tupu na ncha za misumari zilizotokeza chini ya bati.

Sisi wafanyakazi wa mjini tuna desturi yetu ya kujenga. Twaanza na kiwanja, twaja kwenye msingi, kuta, kisha bati. Bati likishapigwa twahama mara moja, kwa sababu kodi ya nyumba ya watu haingoji. Dari huachwa kuwa jambo la baadaye. Mimi na mke wangu tulihamia Chanika mwaka 2017 tukiwa na watoto watatu, magodoro manne, na nyumba isiyokuwa na dari hata chumba kimoja.

Mchana wa saa nane bati lilituangalia kama jicho la tanuri. Mtoto mdogo alilala kifua wazi sakafuni, akihamahama kutafuta saruji ambayo bado haijapata joto. Masika yalipoingia tulipata adha nyingine. Mvua ikianza kupiga, mazungumzo hukatika, redio huwa haina kazi, na mimi na mama watoto tukawa tunaelezana kwa ishara za mikono kama watu waliosimama ng'ambo mbili za mto.

Hapo ndipo nilipoikumbuka nyumba ya marehemu bibi yangu kule Usukumani. Ilikuwa ya nyasi, nayo haikuwa na dari, wala hakuna aliyeiulizia. Nyasi zile nene zilikuwa paa na dari kwa pamoja: jua lilichoka kabla halijafika ndani, na mvua ilisikika kwa mbali tu. Bati ni jepesi, halishiki moto upesi kama nyasi, wala halihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, nami silitukani. Lakini lilipokuja lilifanya nusu tu ya kazi ya nyasi. Nusu iliyobaki ndiyo dari, na aliyenunua bati bila kuiweka amebaki na deni.

Basi siku moja ndugu yetu mmoja aliyerejea kutoka Marekani alituachia jarida la nyumba. Ndani yake mlikuwa na picha ya nyumba iliyojengwa kwa mfano wa ghala la shambani. Sebule yake haikuwa na dari bapa. Macho yalipanda moja kwa moja hadi kwenye mgongo wa paa, na boriti nene za mbao zilikatiza juu kutoka ukuta hadi ukuta. Wakulima wa kule, wenye asili ya Kiingereza, Kiholanzi na Kijerumani, walijenga maghala ya namna hiyo ili wapate nafasi ya kurundika nyasi kavu za mifugo hadi kileleni, ziwafae wakati wa baridi kali. Baadaye watu walianza kuyageuza makao, na leo wapo wanaojenga nyumba mpya kabisa kwa sura hiyohiyo.

Picha ile ilinishika kwa sababu yangu mwenyewe. Baba yangu alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika cha wakulima wa pamba. Nilipokuwa mdogo nilimpelekea chakula ghalani. Nakumbuka paa lililokuwa juu sana, njiwa waliotembea kwenye kenchi, na ubaridi ulionipokea mlangoni nikitoka juani. Niliona kwamba nikiifanya sebule yangu iwe kama ghala lile, nitakuwa nimemjengea baba kitu cha kumbukumbu, maana ilikuwa imekwisha kuamuliwa katika ukoo kwamba mzee aje akae nasi. Alikuwa amepita miaka 80, na masikio yake yalianza kuwa mazito.

Sebule yetu imejitokeza mbele ya nyumba na ina paa lake. Upana wake ni mita 4 na urefu mita 6. Nilimwita fundi, nikamwonyesha picha. Alitazama juu kwa muda mfupi, akasema, "Bosi, kinachoharibu ni hizi mbao za chini za kenchi. Zimekaa chini mno. Tuzikate, kisha tupige silingibodi kufuata mlalo wa paa, utapata picha yako hiihii."

Mke wangu alikuwa akichambua mchele mlangoni. Aliuliza bila kuinua kichwa, "Baba watoto, hizo mbao ziliwekwa bure?"

Nilimjibu kwamba mambo ya ufundi yana wenyewe. Nakuambia hili, msomaji, si kwa kujisifu. Jumamosi ile zikakatwa mbili.

Haukupita mwezi. Siku moja baada ya mvua ya upepo niliona ufa mwembamba kama unywele ukienda sambamba na sehemu ya juu ya ukuta, chini kidogo ya ubao ule ambao kenchi zimeukalia. Juma lililofuata kidole kiliweza kuuhisi. Nilimtafuta fundi mwingine, mzee aliyewahi kufanya kazi za paa miaka mingi. Yeye hakupanda hata ngazi. Aliomba daftari la mtoto, akalifungua katikati, akalisimamisha mezani kama paa, mgongo juu na kingo mbili chini. Kisha akabonyeza mgongo kwa kidole. Kingo mbili zikateleza, moja huku na nyingine kule.

"Umeona?" akasema. "Ubao wa chini ndio unaozishika kingo hizi zisikimbiane. Ukiuondoa, bati na upepo vinasukuma kuta zako nje. Boriti unazoziona katika picha yako hazikuwekwa kwa urembo."

Ilinibidi ninunue mbao mpya, bolti na nati, ili zile zilizokatwa ziungwe kwa ubao kila upande. Fedha niliyoitenga kwa ajili ya dari iliishia hapo.

Baba alifika wakati kazi hiyo inaendelea. Nilimweleza jambo langu, nikitumaini atafurahi. Alisimama katikati ya sebule akishika fimbo yake, akatazama juu. "Ghala ni la pamba, mwanangu," akasema. "Pamba haina masikio. Nami nilikuwa nikitoka mle kila jioni kwenda kulala nyumbani."

Sikulielewa vizuri hadi mvua iliponyesha usiku ule. Sisi tulikuwa tukipaza sauti na kusikilizana kwa shida. Baba hakusikia chochote. Alikaa kitini, mikono juu ya fimbo, akitabasamu kwa adabu kila aliyefungua kinywa, kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Mke wangu alinitazama, nami nikayainamisha macho. Asubuhi yake aliniambia, "Sebule itangoja. Tuanze na chumba cha baba."

Chumba hicho ni cha mita 3 kwa 4, yaani mita za mraba 12. Ubao wa jasi, ambao mafundi huuita jipsamu, aghalabu una upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4, hivyo ubao mmoja hufunika mita za mraba 2.88. Mbao nne hazitoshi, tulinunua tano. Jasi ni madini ambayo hapa kwetu huchimbwa Makanya, na kusini upande wa Kilwa na Lindi, na ubao wake ni jasi iliyobanwa kati ya karatasi mbili nene. Haushiki moto kwa urahisi, na hupokea rangi vizuri. Adui yake ni maji. Bati likivuja hata tundu la msumari, jasi hunywa, hulegea, na siku moja huanguka. Kwa hiyo tulipanda kwanza tukaziba kila tundu. Asiyekuwa na hakika na bati lake, nadhani plaiwudi humfaa zaidi, ingawa mchwa nao huipenda. Jikoni na bafuni, penye mvuke, tumeweka vipande vya plastiki visivyonyonya maji; ila visikaribiane na jiko, kwa maana joto huvikunja.

Fundi mzee alikataa kuziba kila kitu. Aliacha matundu chini ya ukingo wa paa na mengine juu kwenye pembetatu ya ukuta, akayawekea wavu mwembamba kuzuia popo na panya. Hewa ya moto iliyonaswa kati ya bati na dari sharti iwe na mahali pa kutokea, nayo hupanda. Hewa ya chini ikiingia, ya juu hutoka. Dari isiyo na matundu hayo hupata moto yenyewe, nawe unalala chini ya pasi. Hapa ndipo picha ya jarida inapoweza kutupotosha. Wenzetu wa nchi za baridi huijaza nafasi ile kwa tabaka nene kama sufi ili joto la ndani lisitoroke. Sisi twahitaji kulizuia joto la jua lisishuke, na lile lililokwisha kuingia tulionyeshe njia.

Neno moja kwa wenye nyumba za zamani. Kama dari yako au paa lako ni la mabamba ya saruji yenye asibesto, usiyakate kwa msumeno wala kuyatoboa ili uweke mtindo mpya. Vumbi lake huingia mapafuni na huleta saratani. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza hivyo kuhusu aina zake zote, na nchi za Umoja wa Ulaya ziliizuia tangu mwaka 2005. Bamba zima lisiloguswa hatari yake ni ndogo. Linapovunjwa, waitwe wenye ujuzi wa kuliondoa.

Katika kungoja fedha nilipata nafasi ya kufikiri juu ya wazee wa pwani. Ukiingia katika nyumba za mawe za Lamu au Unguja utaona vyumba virefu lakini vyembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi. Si kwamba wenyewe hawakupenda nafasi. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko inayoweza kubeba mawe ya matumbawe na chokaa haizidi sana urefu huo. Boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu hadi Omani na Ghuba, na huko nako zikaamua upana wa vyumba. Wao walianza na dari ndipo wakapata chumba. Mimi nilianza na picha, nikapata ufa.

Sebule tuliimaliza mwaka 2019. Ndiyo, msomaji, dari yake inafuata mlalo wa paa, kwa maana sikuweza kuiacha ndoto yangu yote. Lakini mbao za chini za kenchi zimebaki mahali pake, zimepigwa randa na kupakwa vanishi, nazo zakatiza juu ya viti vyetu. Kati ya jasi na bati tuliacha nafasi ya hewa kupita hadi mgongoni. Gharama yake niliipata kwa penseli kabla ya kununua, na nakushauri ufanye hivyo. Dari bapa ingekuwa mita 4 kwa 6, yaani mita za mraba 24. Paa langu limepanda mita 1.5, hivyo kila mlalo una mita 2.5, milalo miwili ni mita za mraba 30, na pembetatu mbili za ukutani, ambazo sharti zipigwe lipu na kupakwa rangi, ni 6 nyingine. Jumla ni 36, nusu zaidi ya dari bapa. Tena kuna jukwaa la mafundi, na balbu ambayo haibadilishwi kwa kupanda kiti. Vyumba vya watoto tuliweka dari bapa, na hakuna aliyenung'unika.

Masika yaliyofuata mvua kubwa ilinyesha usiku. Nilimkuta baba chumbani kwake, taa inawaka, mjukuu amekaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa akimsimulia jinsi wakulima wengine walivyokuwa wakitia mawe katikati ya gunia ili pamba izidi uzito, na jinsi alivyowajua kwa sauti ya gunia linapowekwa juu ya mizani. Hakuwa akipaza sauti. Mtoto aliuliza swali naye akalijibu.

Ufa ule wa ukutani sikuuziba. Fundi mzee alinifundisha kutia alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na kuandika tarehe kando. Kila mwisho wa mwezi nachukua ngazi, napanda, naangalia. Mpaka leo haujaivuka alama.