Fonti Imekwisha, Jina Je?

Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye Mlimani, kamaliza kuchora fonti. Ndiyo, fonti, zile aina za herufi unazochagua kwenye kompyuta kabla hujaanza barua ya kuomba kazi. Imemchukua miaka miwili ya usiku na wikiendi, maana mchana ni msanifu kurasa na ugali lazima upatikane. Herufi zote ni kubwa, nene, zina mabega mapana. Kazitoa kwenye khanga za mama yake, sanduku zima. Kilichobaki ni jina, na hapo kakwama mwezi wa pili sasa. Akaniletea mimi, eti kwa kuwa ni mwandishi wa habari najua kutunga vichwa. (Vichwa vyangu vyote hubadilishwa na mhariri, lakini hilo sikumwambia.)

Jamani, jina la fonti lina uzito kuliko mnavyodhani. Marekani, ambako ndiko liliko soko kubwa la vitu hivi, umbo la herufi halilindwi na hakimiliki. Kinacholindwa ni programu, yaani lile faili lenyewe, na jina likisajiliwa kama alama ya biashara. Ndiyo maana kuna fonti ya kampuni ya Bitstream inayofanana na Helvetica kama pacha, lakini inaitwa Swiss 721. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa chini, akazichora upya herufi za rafiki yangu moja moja, akaziuza kule, na asiguswe. Asichoweza kuchukua ni jina.

Wauza khanga wanalijua hili siku nyingi. Pale Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, linatia kwenye khanga zake maneno "Mali ya Abdulla". Maua yanaweza kuigwa na yeyote, lakini mama anayejua khanga anayatafuta maneno yale kwanza. Na hebu fikiria khanga yenyewe tunavyoitaja: ina pindo, ina mji, na yale maandishi yake tunayaita nini? Jina! Mteja anafika dukani anauliza, "Hii jina lake nini?" Maua mazuri yenye jina baya yanabaki kwenye rafu.

Tukaanza na orodha yake. Kilimanjaro: ni bia, tena ni maji ya kunywa. Safari: Apple wamewahi zamani. Simba: jamaa mwenyewe ni Yanga damu, akaifuta kabla sijafungua mdomo. Zanzibar: hapo tulibishana kweli.

Mimi nasema usiipe fonti jina la nchi, na siko peke yangu. Helvetica ilipotoka Uswisi mwaka 1957 ilikuwa inaitwa Neue Haas Grotesk, jina la kumkimbiza mteja. Wajerumani waliotaka kuiuza nje wakapendekeza Helvetia, yaani Uswisi kwa Kilatini. Eduard Hoffmann, mkurugenzi wa kiwanda na aliyeisimamia, akakataa: huwezi kuchukua jina la nchi ukaipa fonti. Wakageuza kidogo mwaka 1960 ikawa Helvetica, kama kusema "ya Kiswisi". Herufi chache tu zimebadilika, lakini kuna tofauti kati ya kusema mimi ndiye nchi na kusema nimetoka huko.

Halafu kuna Neuland. Hii aliitengeneza Mjerumani, Rudolf Koch, mwaka 1923, na haikuwa na habari na Afrika hata kidogo. Baadaye wachapishaji wa nje wakaizoea kwenye majalada ya vitabu vya Afrika, mpaka ikawa kila penye twiga na machweo na yenyewe ipo. Hata dinosaria wa Jurassic Park mwaka 1993 waliandikiwa kwa herufi hizo hizo, pori ni pori tu! Sasa fonti iliyotoka kweli kwenye khanga ya kweli ikiitwa Zanzibar, itaishia kwenye vipeperushi vya watalii, na sanduku la mama halitakumbukwa na mtu.

Ya Georgia inanichekesha kila nikiikumbuka. Microsoft wenyewe walieleza kuwa jina lilitokana na kichwa cha habari cha gazeti la udaku, kwamba vichwa vya viumbe wa sayari nyingine vimeonekana jimboni Georgia. Leo imetulia kwenye tovuti za watu wazito kama vile hakuna kilichotokea.

Mimi nilikuwa na wazo langu: aiite jina la mama yake. Nina ushahidi. Mwaka 1996 Zuzana Licko alitoa fonti iliyotokana na herufi za John Baskerville, mchapaji wa Birmingham wa karne ya 18, lakini hakuiita Baskerville. Aliiita Mrs Eaves. Sarah Eaves alikuwa mtunza nyumba wa Baskerville, mumewe alikuwa kamtelekeza na watoto, akaishi na Baskerville miaka mingi hadi mume alipofariki ndipo wakaoana, mwaka 1764. Jina lake leo liko kwenye kompyuta duniani kote.

Basi tukaenda kumuuliza mama. Akatusikiliza vizuri, akatupa chai, akakataa. "Mwanangu, jina langu mtu aandikie tangazo la dawa ya kunguni? Aandikie matusi? Mimi sitaweza kumzuia." Hatukuwa na jibu. Fonti ukishaiuza huchagui itakachosema.

Akauliza kuna jina gani jingine. Rafiki yangu akataja Kisutu. Sasa mimi naripoti mahakamani, na Kisutu kwangu ni karandinga asubuhi, ndugu wa washtakiwa wamesimama juani, na kesi imeahirishwa tena. Nikacheka. Mama hakucheka. Akaenda ndani akarudi na khanga ya kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, aliyovishwa siku ya harusi yake. Haina tangazo la soda wala jina la mtu. "Hii ni ya kila bibi harusi," akasema.

Hapo nikanyamaza. Bado naona kwenye Google fonti itashindana na habari za dhamana, nyingine nimeziandika mimi, na nilimwambia Pindo ingekuwa rahisi kupatikana. Hakutaka kusikia. Wiki hii anachora upya herufi U, kwa sababu kwenye KISUTU zimo mbili, na ya kwake bado imekaa kama ndoo.